Mfaransa Aliyehamia Kwetu Euless

Nilimtuma mume wangu Cedar Hill akanunue meza ya kulia chakula. Akarudi na vitabu.

Ilikuwa Jumamosi, mwaka 2017. Tulikuwa tumeshakaa Euless, Texas, mwaka mmoja na ushee, katika nyumba ya kupanga ambako ndege zinazotua zilipita chini mno, hata mtu akiwa bafuni anajisugua mgongo alijikuta ameinama. Tulikula tumepakata sahani kwenye kochi: mimi, yeye, na binti yetu wa miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimechoka kuokota wali kwenye mikunjo ya kochi. Nikaona tangazo la mjane wa Kizungu aliyekuwa anauza vitu vya marehemu mumewe, ikiwemo meza ya mbao ngumu na viti sita. Nikampa mume wangu anwani na kamba ya kufungia. Kamba alirudi nayo haijakunjuliwa.

"Meza iko wapi?" nikamuuliza.

"Nimekuta imeshachukuliwa," akasema, huku akiingiza boksi la nne. "Lakini njoo uone maajabu."

Maboksi yalikuwa kumi na moja. Yote yalijaa vitabu, na vitabu vyote, ukiacha kimoja cha kupika samaki kilichopotea njia, vilimhusu mtu mmoja tu: yule jenerali wa Wafaransa wa zamani aliyejivika mwenyewe taji la ukaizari. Unamjua hata kama hujasoma. Ni yule anayechorwa na kofia kama sambusa, mkono mmoja kauficha ndani ya koti utadhani anajikuna.

"Mjane kanipa bure," mume wangu akasema. "Kaniambia nichukue vyote au niache vyote. Anasema ameishi na huyo bwana ndani ya nyumba tangu siku ya harusi yake, sasa anataka nafasi."

Nilicheka hadi nikakaa chini. Sikujua kuwa mama wa watu alikuwa ananikabidhi zamu.

Lazima nieleze mume wangu alikuwa nani kabla ya kuwa mtu wa maboksi. Alikuwa mwalimu wa historia Morogoro, sekondari, miaka kumi na saba. Aliingia darasani bila karatasi, chaki moja mfukoni, na akiisha kusema "Mwaka huo..." hata wale wa dawati la nyuma waliacha kutafuna miwa. Kisha mimi nikashinda bahati nasibu ya viza ya Marekani. Yeye husema alishinda yeye kwa sababu fomu alijaza yeye. Tukafika, mimi nikapata kazi ya kuhudumia wazee, yeye akapata ghala karibu na uwanja wa ndege. Kazi yake ilikuwa kuelekeza mashine kwenye boksi mpaka ilie "tii", kisha boksi jingine. Msimamizi wake, kijana wa umri wa wanafunzi wake wa kidato cha nne, alimwita "mshikaji wangu". Alikuwa anarudi nyumbani haongei. Siku moja nilimkuta amekaa ndani ya gari pale kwenye maegesho, injini imezimwa, anasoma kijitabu cha maelekezo ya kubadilisha tairi, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Kwa hiyo sikuyatoa nje yale maboksi. Tuliyapanga sita kwa chini, tukaweka ubao juu, nikatandika khanga. Kwa miezi minne tulikula ugali juu ya mapinduzi ya Ufaransa.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vya ajabu. Kimoja chenye uzito wa mtoto mchanga kilieleza vita ya siku moja, saa kwa saa, na ukifika katikati bado ni asubuhi. Kingine kilizungumzia magonjwa yake tu, tumbo lake na bawasiri zake, na mwandishi alidai kwa dhati kabisa kuwa Ulaya ingekuwa nyingine kama yule bwana angeweza kukaa vizuri juu ya farasi siku fulani. Kulikuwa na waliomsifu kama malaika na waliomtukana kama ibilisi, na wote walitumia ramani zilezile zenye mishale myekundu na ya bluu. Mume wangu alivisoma akiwa mapumziko kazini, akavisoma akisubiri maji yachemke, akaandika pembeni kwa penseli: "Si kweli!" "Angalia uk. 212." Akaanza kuongea tena. Tatizo likawa kumnyamazisha.

Mume wangu si mtu mrefu. Nasema hivyo kwa heshima zote. Siku alipofika kwenye sura iliyothibitisha kuwa Kaizari hakuwa mfupi, kwamba ni Waingereza waliomzushia, na kwamba inchi za Wafaransa hazikuwa sawa na inchi za watu wengine, alinisomea ukurasa ule mara tatu. Mara ya tatu aliusoma amesimama.

"Kwa hiyo?" nikasema.

"Kwa hiyo nini? Ni historia hiyo."

Nikaanza kumwita yule Mfaransa mke mwenzangu. "Mke mwenzangu anasemaje leo?" Naye, bila haya, ananieleza. Hata kwenda dukani kukawa operesheni. Jumamosi tulipofika kwenye supamaketi alitugawa: binti yetu ubavu wa kushoto, kwenye vitunguu, mimi katikati, kwenye unga na mafuta, yeye abaki mahali pa juu penye kuona uwanja wote. Mahali hapo palikuwa benchi la wagonjwa karibu na dirisha la dawa. Binti yetu akamwambia, kwa Kiingereza chake cha Texas, kwamba majenerali wa kweli husukuma toroli.

Nami nilimsema. "Hebu nielewe," nilimwambia siku moja nikimenya viazi. "Huyu bwana aliwapeleka watu Misri, mambo yalipoharibika akapanda meli akawaacha. Akawapeleka wengine Urusi, kwenye baridi, akawatangulia kurudi akawaacha. Akamwacha hata mke mkubwa. Angekuwa dereva wa basi la mkoani angeshafungiwa leseni. Ninyi mnamwandikia vitabu?"

"Mama, wewe huelewi historia."

"Naelewa wanaume. Na ule utumwa je? Si ulisema ulishafutwa kwenye vile visiwa vya watu weusi, akaurudisha?"

Alitazama meza yetu ya maboksi. "Hilo," akasema taratibu, "wengi wameliandika kwa aya moja."

"Na bawasiri sura nzima."

 Baadaye nilimwona anapekua kurasa za nyuma, kwenye yale maandishi madogo, akitafuta.

Jirani yetu wa ghorofa ya juu aliingia kwenye habari hii kwa sababu ya bafu lake, lililokuwa linavujia kwetu. Alikuwa Mrundi wa miaka sitini na kitu, mkimbizi wa zamani aliyekaa kambini Kigoma muda mrefu hadi Kiswahili chake kikawa cha huko. Alifanya kazi ya kufua mashuka hotelini, na Jumapili aliimba besi kanisani kwa sauti iliyotufikia hata siku ambazo si Jumapili. Alishuka kutuomba radhi kwa maji, akaviona vitabu ambavyo mume wangu alikuwa hajavigusa, juu kabisa ya maboksi yaliyobaki, akasahau maji.

"Hivi ni vya Kifaransa!" akasema. "Nani anasoma Kifaransa hapa?"

"Hakuna," nikamwambia.

"Mimi nasoma. Mapadri walinifundisha." Akavuta kiti bila kukaribishwa, akasoma ukurasa mzima kwa sauti, akitikisa kichwa mwenyewe kwa jinsi alivyokuwa anasoma vizuri.

Tangu siku hiyo mume wangu alipata mwanafunzi, na mimi nikapata mgeni wa kudumu. Alikuja na koti la suti lililomzidi mabega, alikunywa chai yenye sukari ya kutosha kufungulia kiwanda, na alikuwa mbishi kama mlango uliovimba. Mume wangu anakunjua ramani, anaeleza jinsi ubavu wa kulia ulivyozunguka. Mzee anasikiliza, kisha anauliza, "Walikula nini?"

"Chakula baadaye, Mzee. Tuko kwenye mpango wa vita."

"Sawa, Mwalimu. Lakini watu wote hao, asubuhi hiyo, walikula nini?"

Kila wiki hivyo. Walikula nini, walilala wapi, wanawake waliowafuata walijifungulia wapi. Mume wangu alikuwa ananung'unika mzee akiisha kuondoka. "Namfundisha mkakati, ananiuliza maharage."

Mwaka 2019 ukaja mwaliko. Mmoja wa wanafunzi wake wa Morogoro alikuwa sasa mtu wa ofisi Houston, na alikuwa katika kamati ya Watanzania wa huko. Akasikia Mwalimu yuko Texas, akampigia simu karibu alie. Walikuwa na mkutano wao wa mwaka, wakamtaka azungumze juu ya uongozi. Mume wangu alikata simu akaenda kuipiga pasi suti ambayo mkutano wake ulikuwa bado wiki sita.

Nilijua atazungumza juu ya nani. Nilimwomba. "Zungumza juu ya Mkwawa. Zungumza juu ya Kinjekitile. Zungumza juu ya mtu yeyote ambaye watu watajua hata jina la mama yake."

"Mfano wa Kaizari ni wa dunia nzima," alisema.

Tuliondoka asubuhi, mimi na yeye mbele, jirani nyuma na koti lake, kwa sababu alikataa kabisa kuachwa. Binti yetu tulimwacha kwa mke wa jirani. Tungefika mapema kama njiani kusingekuwa na mji unaoitwa Corsicana. Mume wangu alipoona kibao alipunguza mwendo ghafla, lori nyuma yetu likalia honi kama treni.

"Corsicana!" akasema. "Imepewa jina la kisiwa alichozaliwa! Tupite hivihivi?"

"Ndiyo," nikasema.

Tukaingia. Tulizunguka mji ule saa nzima na nusu tukitafuta sanamu, makumbusho, hata kibao chenye kofia ya sambusa. Hakuna. Kwenye kituo cha mafuta alimuuliza dada wa kaunta, kwa Kiingereza chake kizuri cha darasani, kama wenyeji wanamkumbuka Kaizari wa Wafaransa. Yule dada alifikiri sana, masikini. Akamwita mwenzake aliyekuwa anapanga soda. Wakashauriana. Kisha akatuambia kwamba mji wao unajulikana kwa keki za matunda makavu, na kama huyo bwana alikuwa mteja wa keki basi tuulize huko. Jirani yetu akanunua keki. Akaila yote hadi Houston, akitudondoshea makombo shingoni.

Tulichelewa. Kamati, kwa uungwana, ilikuwa imebadilisha ratiba: chakula kikatangulia, hotuba ikafuata. Anayewajua watu wetu anajua maana yake. Mume wangu alipanda jukwaani mbele ya ukumbi uliokula pilau, kuku na maandazi. Baba mmoja safu ya pili alishafungua mkanda. Akina mama walikuwa wanapanga nani abebe sufuria zipi. Akaanza kwa sauti yake ile ile, "Mwaka huo...", lakini mashine ya sauti ikapiga mluzi, na kila alipoanza tena ikapiga tena, hadi watoto wakawa wanausubiri mluzi wenyewe. Akasonga mbele na jeshi kuelekea Urusi. Akataja mito. Akataja majenerali. Simu zikawaka usoni mwa watu mmoja baada ya mwingine. Mshereheshaji akampelekea kikaratasi. Nilimwona akikisoma, na nikaona shingo yake inaingia ndani ya kola. Miaka kumi na saba hakuna aliyewahi kumpelekea kikaratasi. Hapo nilisahau mzaha wangu wote. Nilitaka kupanda nimshushe kwa mkono.

Akaharakisha. "Basi, mji ukaungua, baridi ikaingia, jeshi likarudi nyuma kwa miguu, wengi wakafa. Sasa, funzo la uongozi hapa..."

"Mwalimu, samahani." Jirani yetu alikuwa amesimama, makombo ya keki kifuani. "Umesema jeshi likarudi kwa miguu. Sentensi moja. Mimi nimetembea siku tisa na mke na watoto, kutoka kwetu mpaka mpakani. Nawaambieni, haiwezi kuwa sentensi moja."

Mshereheshaji alimwonyesha ishara akae. Hakuiona, au aliiona.

"Cha kwanza unatupa sufuria kubwa," akasema. "Unajiambia, tutapikia ndogo. Siku ya tatu unatupa blanketi, kwa sababu ni mchana na jua linachoma. Jioni unajitukana. Mke wangu alikuwa amebeba cherehani kichwani. Nikamwambia, tupa. Akaniambia, nitakutupa wewe kwanza."

Watu wakacheka. Baba wa mkanda akafungua macho.

"Cherehani hiyo ilitulisha kambini miaka mingi. Lakini kuna kitu ambacho hakuna mtu anayekitupa, na hakina kazi yoyote. Ufunguo wa nyumba. Nyumba yangu niliiona inaungua, kwa macho haya. Ufunguo ninao. Uko Euless, kwenye droo ya soksi."

Hata wale watoto wa mluzi wakamgeukia mzee. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa bado amesimama pale juu, karatasi zake mkononi, na nilidhani atakasirika. Akaziweka chini. Akashuka ngazi, akampelekea mzee kipaza sauti, akavuta kiti akakaa mbele yake kabisa, akatoa penseli.

"Viatu," akasema. "Samahani, Mzee. Viatu vilikuwaje? Anza na siku ya kwanza."

Walikaa hivyo karibu saa nzima, mmoja anauliza, mwingine anajibu. Na mume wangu aliuliza vizuri. Alijua wapi pa kusubiri na wapi pa kurudi nyuma: "Umesema mlikuwa saba, sasa unasema sita. Wa saba?" Mzee akamwambia. Hilo sitaliandika hapa, ni lao. Mshereheshaji alikaa chini kama watu wengine.

Wakati wa kuondoka akina mama walimfungia mzee pilau ya kulisha familia wiki moja. Mume wangu hakufungiwa kitu.

Tulikuwa tumeshatoka nje ya mji ndipo alipoongea. "Maboksi kumi na moja," akasema. "Na hakuna hata kitabu kimoja kinachosema mtu anatupa nini kwanza."

"Kipo," jirani akasema toka nyuma.

"Kipi?"

"Kile chembamba cha Kifaransa. Askari wa kawaida, mshona viatu wa kijijini, ameandika safari yake mwenyewe. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa kwenye mpango wa vita."

"Kiko wapi? Sijakiona."

"Mwalimu, umekiweka chini ya mguu wa friji."

Nilicheka hadi ikabidi asimamishe gari. Naye akacheka mwishowe, kichwa kwenye usukani.

Tulipofika alikitoa chini ya friji kabla hata ya kuvua koti, na friji likatetemeka tangu hapo kama lina homa. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, walianza kukitafsiri. Mzee anasoma Kifaransa na kusema Kiswahili, mume wangu anaandika kwenye daftari la mistari, mimi nikiwa hakimu. Walihitaji hakimu. Mume wangu alitaka Kiswahili cha mtihani wa taifa. Mzee alitaka cha Kigoma. Waligombana wiki mbili juu ya jina la gari la kuteleza kwenye theluji, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kulihitaji. Vitabu vingine mume wangu alivirudisha kwenye maboksi, akaviweka kabatini. Kaizari mwenyewe, katika kitabu kile chote, anatokea mara mbili tu. Mara ya kwanza anapita. Mara ya pili mshona viatu anaambiwa kwamba amekwisha kupita.

Kisha ukaja mwaka 2020. Hoteli ilifungwa, mzee akawa nyumbani hana kazi. Mume wangu aliendelea na ghala, maana watu waliojifungia waliagiza maboksi kuliko wakati wowote. Mimi nilikuwa nahudumia wazee, narudi nyumbani nikiogopa hata kumshika mwanangu. Hatukuweza kukaa meza moja na mtu mwenye mapafu ya miaka sitini na kitu. Basi mzee alikaa kwenye kibaraza chake juu, mume wangu akasimama chini kwenye nyasi na daftari, wakawa wanapigiana kelele sentensi kwa sentensi. Majirani wa Kimarekani walidhani wanagombana, na mara nyingi walikuwa wanagombana.

"Soma tena!" mume wangu anapaza sauti.

"Tulikimbia!"

"Haiwezekani! Jeshi halisemi tulikimbia. Linasema tulirudi nyuma!"

"Jeshi ndilo linasema hivyo. Huyu ni mshona viatu. Alikimbia!"

Waliita hakimu. Nikatoka na barakoa yangu, nikasema andika tulikimbia. Mume wangu akaandika, akisonya.

Walimaliza mwezi wa nane, saa za jioni, joto la Texas likiwa bado halijalegea. Mimi ndiye niliyechapa madaftari yote matatu kwenye kompyuta ya binti yetu, na kwa siri nililia kwenye ukurasa wa viatu. Mwanafunzi wa Houston alipiga nakala, akazigawa kwa waliohudhuria ule mkutano. Wengine wamezisoma. Baba wa mkanda alipiga simu kuuliza kama kuna sehemu ya pili.

Katika ukurasa wa mwisho mshona viatu anafika kwao. Mama yake anamkuta mlangoni, hamtambui, anamwambia afute miguu kabla ya kuingia. Mume wangu aliusoma kwa sauti toka chini, kuhakikisha.

"Umeandika 'akamwamuru'," mzee akasema toka juu.

"Ndiyo. Ni sahihi. Ni amri."

"Huyo ni mama yake, Mwalimu. Andika 'akamwambia'."

 Mume wangu akageuza penseli, akafuta.